Karatasi ya Shilingi 10

Jumatatu asubuhi, mteja wangu wa kwanza huwa ni mzazi aliyechelewa. Namjua kabla hajafungua mdomo. Mkono mmoja ameshika mtoto, mkono wa pili simu, na kwenye simu kuna ujumbe wa mwalimu uliotumwa Jumapili saa tatu usiku: kila mtoto aje na picha ya matunda ya kupaka rangi, iwe imeprintiwa. Nje, boda anangoja bila kuzima injini. "Dada, nitolee yoyote tu, haraka."

Namtolea. Karatasi inatoka ikiwa na joto kama chapati. Kopi nyeusi na nyeupe ni shilingi 10, ya rangi ni 30. Hapo ndipo utamu wa hizi picha kwa mfuko wa mzazi: mashine imefanya sehemu yake ya shilingi 10, na ile ya shilingi 20 imeachiwa mtoto.

Saiba yetu iko Migori mjini, kando ya barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Isebania. Nasema yetu lakini ni ya binamu yangu. Mimi nimeajiriwa, ingawa siku ambazo tona imeisha huwa anasema ni yetu sote. Mwanzo wa wiki tunatoa CV na fomu. Alhamisi na Ijumaa ni programu za mazishi, kurasa 8 au 12, picha ya marehemu mbele, na hapo hakuna anayeuliza bei ya rangi. Jioni, kila jioni, ni watoto.

Mtaala wa CBC ulipoanza rasmi Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, watu walicheka sana mtandaoni. Wazazi walikesha na gundi na makasha ya maziwa, baba wa watu akaonekana akishona sanamu ya kutishia ndege. Mimi sikucheka sana, kwanza kwa sababu riziki ilikuwa imeingia mlangoni, na pili kwa sababu niliona wivu. Sisi wa 8-4-4 tulifanya KCPE ya masomo 5 na hakuna hata moja lililotuuliza kuchora. Kipindi cha sanaa kilikuwepo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Aliyekuwa akiingia darasani saa hiyo ni mwalimu wa hesabu.

Kwa hivyo naprinti. Elsa, Spider-Man, binti mfalme mwenye nywele hadi sakafuni, tufaha, tufaha tena. Mara moja mzazi aliharakisha sana nikamtolea picha ya mtu wa theluji bila kuangalia. Kesho yake mtoto alipita kutoka shule akanionyesha. Hakuwa amepaka chochote. "Nimemaliza," akasema. "Ni mweupe." Sikuwa na la kujibu. Chini ya nyingi ya picha hizi kuna maandishi madogo kwamba ni za matumizi ya nyumbani tu, zisiuzwe. Huwa najiambia siuzi picha, nauza wino na karatasi. Sijui kama hakimu angenielewa.

Haya yote yalikuwa kazi tu, mpaka Mama alipokuja kukaa kwangu.

Mama anauza omena Homa Bay. Ameuza tangu kabla sijazaliwa: kuamka gizani, kungoja mashua zilizokesha ziwani na taa zao, kununua kwa debe, kuanika kwenye nyavu, kugeuza, kufukuza kunguru na mabata wa watu, kuangalia mawingu. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu miaka miwili hivi. Mtoto wa jicho. (Jina hili hunichekesha, kana kwamba jicho lilishika mimba bila kumwambia mtu.) La kushoto nalo lilikuwa limeanza. Alikataa upasuaji mara mbili kwa sababu ya biashara, akakubali pale tu uvuvi wa omena ulipofungwa Aprili, kama unavyofungwa kila mwaka ili samaki wazaane. "Ziwa limelala," alisema, "wacha na mimi nilale."

Upasuaji wenyewe haukuchukua hata nusu saa. Wanatoa lenzi ya jicho iliyochakaa, wanaweka ya bandia. Kilichokuwa kirefu ni masharti: dawa ya matone, kifuniko usiku, asiinue mzigo, asiiname, asikae kwenye moshi wala vumbi. Kwa mwanamke wa omena hiyo ni kama kuambiwa asipumue. Nikajua akibaki Homa Bay atakuwa ameinama juu ya nyavu za mtu kufikia siku ya tatu. Tukapanda matatu hadi Rongo, tukabadilisha pale, tukashuka Migori. Nyumba yangu ni ya kukodi, chumba na sebule, na mimi sijaolewa, kwa hivyo hakuna mwiko uliovunjwa. Mama alihakikisha hilo kabla ya kupanda gari.

Asubuhi ya kwanza aliniita kutoka nje. Alikuwa amesimama mbele ya beseni la kufulia.

"Hili umenunua lini?"

"Mama, hilo ni lile lile. Ulininunulia wewe."

"Nililonunua mimi lilikuwa kijani."

Lilikuwa buluu. Limekuwa buluu siku zote. Mtoto wa jicho huwa hafungi pazia kwa ghafla. Lenzi inageuka njano polepole, kama gazeti lililosahaulika juani, na njano hiyo huila buluu kwanza. Mtu hajui anachopoteza kwa sababu anapoteza kidogo kidogo. Claude Monet, yule mchoraji Mfaransa wa mayungiyungi, alifanyiwa upasuaji huo mwaka 1923, akawasumbua madaktari wake na malalamiko kuhusu rangi: mara njano imezidi, mara buluu imezidi. Mama hakulalamika. Alikaa kwenye kigoda karibu na kamba ya nguo akifumba jicho moja, halafu lingine. Jicho la kulia, buluu. La kushoto, ambalo bado halijaguswa, "kama limekaa jikoni na samaki wa moshi." Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Majirani walidhani anaomba.

Tatizo ni kwamba Mama hajui kukaa. Nikitoka kazini nakuta amepanga sufuria upya. Nikificha ufagio, anatafuta. Wiki ya pili, usiku, niliamka kwenda kunywa maji nikamkuta mezani taa imewashwa, miwani yake ya giza imesukumwa juu ya paji la uso, anapaka rangi. Kijana wangu yuko Gredi ya 2. Alikuwa amepewa picha ya bata kwenye kidimbwi, akapaka mdomo wa bata, akasinzia. Dana yake alikuwa anamalizia.

Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alishika penseli kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko wa ugali, na ulimi ulikuwa umetoka nje kidogo pembeni. Sikumbuki kuwahi kumwona Mama akifanya kitu ambacho hakiliwi, hakiuzwi na hakifuliwi. Nilirudi kulala bila kunywa maji.

Keshokutwa yake ikaja barua. Si barua kali, sentensi mbili kwenye daftari: mzazi anaombwa amwachie mtoto afanye kazi yake mwenyewe, na pia amsaidie kutambua rangi sahihi za vitu. Maji yalikuwa yamepakwa kijani. Kijani cha kukoza, ukingo hadi ukingo, na juu yake vidoa vidogo vya zambarau.

Nilichoka siku hiyo. Mashine ilikuwa imekwama mara 3, na mteja mmoja aliondoka bila kulipa programu 200 za mazishi, maana unamdai vipi mtu aliyefiwa? Nikamsomea Mama ile barua kwa sauti. Nikamwambia, hii ni kazi ya mtoto, wewe ni mtu mzima, unanitia aibu kwa mwalimu. Tulikuwa tunaongea Kijaluo, na kwa Kijaluo maneno hayo ni mazito kuliko yanavyoonekana hapa. Nilimgombeza mama yangu kama nilivyogombezwa na yeye kwa kumwaga omena mwaka fulani nikiwa na miaka 7. Kijana alikuwa anatusikiliza.

Mama alinyamaza. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Wewe, uliona ziwa la buluu wapi?"

Homa Bay, kwa ambao hamjafika: kuna miezi ambayo ukisimama gatini huoni maji. Unaona shamba. Magugu maji yameingia Ziwa Victoria tangu miaka ya tisini na hayajatoka. Yanasukumwa na upepo kutoka ghuba hadi ghuba, na yakitulia Homa Bay mashua haziwezi kutoka, wavuvi wanasukuma kwa miti kama watu wanaopita kwenye mpunga. Yanatoa maua ya zambarau mazuri sana, mazuri ya kuudhi. Na pale ambapo hakuna gugu, maji yenyewe ya ghuba mara nyingi ni ya kijani, mazito. Mama hakukosea rangi. Alipaka kidimbwi anachokijua, na kukipaka vizuri, hadi maua.

Sikumwandikia mwalimu. Ningesema nini? Lakini kesho yake nilirudi na karatasi 5 na pakiti ya penseli 12 za rangi, nikaziweka mbele ya Mama, nikasema hizi ni zako. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yangu. Kwetu samahani haitamkwi kwa mzazi, inabebwa kwa mfuko wa plastiki.

Nilifanya utafiti, kama mtu wa saiba. Mtandaoni kupaka rangi kwa watu wazima ni jambo kubwa kuliko nilivyodhani. Mwaka 2013 Mskoti mmoja anayeitwa Johanna Basford alitoa kitabu cha kupaka rangi cha wakubwa, *Secret Garden*, bustani tupu za wino mweusi zilizochorwa kwa mkono, na kikauza mamilioni ya nakala. Baada yake dunia nzima ikaingia. Nairobi sasa watu wanalipa kuketi na glasi ya mvinyo na brashi Jumamosi alasiri. Kila ukurasa niliofungua ulikuwa na sababu: inapunguza msongo wa mawazo, inatuliza moyo, inasaidia usingizi. Kwa watoto sababu ni nyingine: inakaza misuli ya vidole, inamwandaa kuandika. Niligundua kwamba hakuna anayeruhusiwa kupaka rangi bure. Lazima iwe dawa au iwe mazoezi.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mama hakumaliza darasa la pili. Kwenye fomu za chama anaweka kidole gumba, na kwenye fomu ya upasuaji pia, mbele yangu, wino wa zambarau, akijifuta kwa leso kana kwamba ni uchafu wa mtu mwingine. Nikamtazama anavyofuata mstari, mkono umeshaanza kulegea, penseli imeshuka kutoka kwenye ngumi hadi vidoleni, nikawaza: huyu anaweza kuandika. Mkono unaofuata mkia wa bata unaweza kufuata herufi. Nikatengeneza ukurasa wangu wa kwanza kabisa, nikajivunia. Maua, majani, vipepeo, na ndani ya matawi nikaficha herufi za jina lake.

Aliona kabla sijaweka karatasi mezani.

"Hiki ni nini?"

"Maua."

"Nyathina." Mtoto wangu. Husema hivyo akiwa mpole na pia akiwa amekasirika, na unatakiwa ujue mwenyewe. "Mimi sikuomba barua. Niliomba rangi."

Akaigeuza karatasi, akaiweka kando ya jiko. Jioni iliwashia moto.

Hapo nilikasirika kwa jambo la zamani sana. Nikiwa darasa la nne nilikuwa nachora. Nilichora mashua kwenye kurasa za katikati za daftari, zile zinazotoka bila kuharibu nyingine, mashua yenye tanga la pembe tatu na jina ubavuni. Siku moja niliona moja ya mashua zangu ikienda zake barabarani mkononi mwa mwanamke nisiyemjua, imefungwa omena wa shilingi 20. Sikulia, lakini niliacha kuchora, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisema niliacha kwa sababu ya hesabu. Basi usiku ule nikamuuliza Mama kama anakumbuka. Aliwaza kwa dhati, nilimwona akitafuta.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa karatasi nzuri?"

"Ya daftari."

"Ya daftari ni nzuri. Haipasuki." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, ingawa si kwa kiasi kile kile.

Nilipoacha kumfundisha, Mama alianza kupaka kweli. Mandala niliyomprintia, zile duara zenye vijichumba, alizidharau ("hii ni kitambaa cha meza cha mtu asiye na kazi") halafu akakaa juu ya moja saa 3. Kijana wangu akaja kukaa ng'ambo ya meza na ya kwake. Walikopeshana penseli na kugombana juu ya kichongeo. Katika pakiti kulikuwa na penseli moja ya pinki iliyopauka ambayo darasani wanaiita rangi ya ngozi. Crayola, kampuni ya Marekani iliyoanza kuuza krayoni mwaka 1903, nayo iliwahi kuwa na krayoni yenye jina hilo hilo, ikalibadilisha mwaka 1962. Habari bado haijafika Gredi ya 2. Mama aliitumia kupaka ulimi wa mbwa.

Ni kijana aliyeuliza kwa nini tunasema karatasi nyeusi, nyeupe na nyekundu, lakini hatusemi karatasi "nyekijani". Swali la haki. Kiswahili kina rangi 3 tu zinazobadilika kufuata nomino: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine zote ni vitu vilivyoazimwa. Kijani ni jani, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda. Kijaluo nacho kina rateng', rachar na rakwar, nyeusi, nyeupe, nyekundu, na baada ya hapo unaanza kuonyesha kwa kidole. Huko Kisiwa cha Mfangano, ndani ya kaunti yetu ya Homa Bay, kuna michoro ya kale kwenye miamba, duara ndani ya duara, na rangi zake ni nyekundu na nyeupe. Nilimwambia kijana labda walipewa penseli 2 tu.

Mama alikuwa na orodha yake mwenyewe. Penseli ya kijivu aliiita omena aliyekauka siku moja. Akibonyeza kidogo, omena wa siku mbili. Kijivu na njano juu yake ni omena aliyenyeshewa, huyo umpeleke kwa watu wa chakula cha kuku. Buluu aliiogopa mwanzoni, akaitumia kwa vitu vidogo, kitufe, jicho la ndege. Halafu siku moja alipaka ng'ombe mzima buluu, pembe hadi kwato. Kijana akasema, Dana, hakuna ng'ombe wa buluu. Akajibu, "Najua. Nimeona ng'ombe wengi."

Picha za intaneti zilianza kutuchosha. Tufaha, kasri, tufaha. Nikarudi kuchora, bila kutangaza. Njia yangu si ya ufundi. Napiga picha kwa simu, naitoa kubwa, nabandika kwenye kioo cha dirisha la saiba asubuhi jua likiwa nyuma yake, naweka karatasi tupu juu, nafuata mistari kwa kalamu nyeusi, kisha naskani. Nikatengeneza boda na abiria 3. Nikatengeneza mama wa mboga. Nikatengeneza ukuta wa Thimlich Ohinga, ule wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji hapa kwetu Migori, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kijana alipaka kila jiwe rangi yake, ikamchukua siku 4, na akanilaumu kwamba niliacha baadhi ya mawe. Niliziweka kaunta pamoja na zile nyingine, bei ile ile. Spider-Man bado anaongoza. Lakini boda ya abiria 3 imeshauza kopi 40 na kitu, na wanaonunua si wazazi tu. Wenye boda wenyewe wananunua. Mmoja alipaka koti lake la kiakisi kwa kalamu ya kung'aa, akabandika picha ndani ya stoo ya mafuta anakoegesha. Hakuniambia kwa nini na sikumuuliza.

Halafu nikachora samaki. Nilidhani hapo nimempata Mama.

Alivaa miwani ya kusomea tuliyonunua barabarani, akaikodolea karatasi. Nilikuwa nimeandika chini, kwa fahari, NGEGE. Akanyoosha mkono akaomba kalamu, si penseli.

"Huyu si ngege."

"Ni ngege, Mama. Nimetoa picha sokoni."

"Sokoni wanauza nyamami wakimwita ngege. Angalia mkia." Akaweka kidole kwenye mistari ya wima ambayo nilikuwa nimeifuata kwa uangalifu, mmoja baada ya mwingine, kwenye kioo. "Nyamami ana mistari mkiani. Ngege hana. Umenichorea mgeni."

Niliangalia baadaye. Yuko sahihi kabisa. Nyamami ni yule sato wa Mto Nile, aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, karibu na wakati ule ule wa mbuta, na mistari ya mkia ndiyo kitambulisho chake. Ngege halisi ni wa hapa hapa, hapatikani kiasili nje ya maji ya ukanda huu wetu. Kati ya kuvuliwa kupita kiasi, mbuta anayemla na nyamami anayemnyang'anya nafasi, ngege alikaribia kutoweka ziwa kuu. Amebaki zaidi kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya. Ukiagiza ngege hotelini Nairobi leo unaletewa nyamami, tena pengine aliyesafiri kwa barafu kutoka Uchina. Jina limebaki, mwenye jina ameenda.

"Mara ya mwisho kumwona ngege ni lini?" nilimuuliza.

Akahesabu kwa vidole, si miaka bali watoto. Kabla ya mimi. Kabla ya kaka yangu mkubwa. Baba yake alikuwa akileta, msichana anapewa kichwa. Akaanza kunieleza na mkono ukaanza kuchora hewani: mgongo umeinuka hivi, mdomo mdogo, si kama wa mbuta. Na rangi? Akafumba jicho la kushoto, lile la moshi, akabaki na moja jipya, akatazama ukuta wangu ambao hauna kitu. Alikaa hivyo muda. "Wewe chora mistari," akasema. "Rangi nitaweka mimi."

Amerudi Homa Bay sasa. Uvuvi umefunguliwa na hakuna mtu wa kumzuia. Jicho la pili limepangiwa tarehe, amesema atakuja, na namwamini kiasi. Aliondoka na kopi 30 kwenye bahasha ya kaki na pakiti mpya ya penseli, akiwa amemwachia kijana ile ya zamani bila ya buluu, ambayo ilikuwa imeisha hadi kwenye chuma. Anapigia simu kutoka kwa jirani. Habari za nyumbani, habari za mtoto, omena ni bei gani, halafu anauliza: amefika?

Bado hajafika. Nina rasimu 4. Picha za ngege halisi mtandaoni ni chache, na nyingi ni za samaki aliyekufa amelazwa kando ya rula, mapezi yamelala, kwa hivyo sioni yanavyosimama. Ya kwanza Mama aliikataa kwa sababu ya tumbo. Ya pili mdomo. Ya tatu niliituma kwa WhatsApp ya jirani, na jirani akajibu kwa niaba yake: "Anasema mkia sawa, ila samaki ana huzuni."

Leo nimebandika ya nne kwenye kioo. Nahesabu miiba ya pezi la mgongoni, napoteza hesabu, naanza tena. Nyuma yangu mtu anagonga kaunta kwa sarafu. Anataka tufaha, mtoto amechelewa, boda iko nje.